Maradhi ya Kutetemeka: Si Uzee Wala Si Majini

(Matini ya muhadhara uliotolewa msikitini baada ya sala ya Isha)

Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahali zake, Sahaba zake na kila mwenye kuufuata mwenendo wao. Amma baad.



Usiku wa leo tumeombwa tuzungumze juu ya maradhi ambayo wengi wetu tunayaona katika safu zetu bila ya kuyajua jina. Sisi si matabibu; fani yetu ni kuwafundisha vijana lugha ya Kiarabu na elimu ya dini. Lakini tumeyasoma maradhi haya na tumewauliza wenye ujuzi nayo, kwa sababu kutoyajua kumekwisha kuingia katika mambo ya ibada zetu. Kuna mwadhini aliyeondolewa katika adhana kwa kuwa sauti imekwisha, na hakuna aliyeuliza imekwisha kwa nini. Kuna mzee anayenong'onwa kuwa ana jini. Kuna mgonjwa anayefunga Ramadhani huku dawa yake imewekwa kabatini, na ifikapo Alasiri hawezi hata kugeuka kitandani. Haya si mambo ya hospitali peke yake.

Maradhi yenyewe yanaitwa Parkinson. Waarabu huyaita ash-shalal ar-ra'ash, yaani kupooza kwenye kutetemeka, na jina hilo, kama tutakavyoona, lina ila ndani yake.

Mtazameni mzee aliyekaa katika tahiyatu

Mikono yake imetulia juu ya mapaja na hana analolifanya nayo. Hata hivyo kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono mmoja vinasuguana, mara nne hadi sita kwa sekunde, mfano wa mtu anayehesabu tasbihi isiyokuwepo. (Wala hatukusudii hapa ile khitilafu mashuhuri ya kukitikisa kidole katika tashahudi au kutokitikisa; hiyo ina darsa lake.) Akiunyanyua mkono huo kuuchukua msahafu, mtetemeko unapungua au unatoweka. Akiurudisha pajani, nao unarudi. Huu ni mtetemeko wa mkono uliopumzika, na hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza. Sifa ya pili ni kwamba huanza upande mmoja wa mwili, na huweza kubaki upande huo kwa muda mrefu kabla ya kuufikia wa pili.

Lakini kutetemeka siko kiini cha maradhi haya, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wapo wagonjwa wa Parkinson wasiotetemeka kabisa. Kiini chake ni uzito na upole wa harakati. Vifungo vya kanzu vilivyokuwa vikifungwa kwa dakika moja sasa vinachukua kumi. Mkono mmoja hauningwi'nii tena mtu anapotembea, bali umekunjwa ubavuni. Hatua zinakuwa fupi, miguu inaburura sakafu, na mtu akitaka kugeuka hageuki kwa hatua mbili kama sisi, bali kwa hatua ndogo ndogo saba au nane. Uso unakosa harakati. Mwenyewe anafurahi ndani ya moyo lakini uso hausemi, na watu wanadhani amenuna au amekuwa na kiburi. Sauti inafifia. Mwandiko unaanza vizuri mwanzo wa mstari kisha herufi zinazidi kuwa ndogo hadi mwisho hazisomeki. Mwalimu wa madrasa anayeandika ubaoni anaweza kuliona hili kabla ya daktari. Na viungo vinakakamaa, hata mwenye kumvua koti anahisi mkono unakataa.

Kwa akina mama jambo hili hujificha zaidi, kwa kuwa hawaonekani katika safu za mbele. Bibi aliyekuwa akisuka ukili au akikanda unga wa chapati anaacha, naye husema tu kuwa mikono imechoka. Watu wa nyumbani wanakubali, kwa kuwa ni mtu mzima.

Tena zipo dalili zinazoweza kuyatangulia yote hayo kwa miaka kadhaa, na hazina uhusiano wa wazi na mikono wala miguu. Mtu anapoteza uwezo wa kunusa, hahisi tena harufu ya udi wala ya karafuu. Anafunga choo kwa muda mrefu. Usingizini anapiga kelele, anarusha ngumi na mateke kana kwamba anaipigana ndoto yake, hata mkewe akalazimika kulala mbali. Si kila mwenye mojawapo ya hayo ana Parkinson. Wengi wao hawana. Ila yakijumuika na upole wa harakati tulioutaja, daktari aambiwe yote.

Jina limetoka wapi

Kutetemeka kwa viungo ni jambo la kale katika vitabu vya tiba. Ibn Sina ameizungumzia ar-ra'sha katika Al-Qanun, na kabla yake Mgiriki Galen aliandika juu yake. Lakini aliyezikusanya dalili hizi pamoja akasema kuwa ni maradhi mamoja yanayojitegemea ni tabibu wa London, James Parkinson, katika risala aliyoitoa mwaka 1817. Alieleza habari za wagonjwa sita tu, na baadhi yao hakuwahi kuwapima bali aliwaona barabarani, akatazama mwendo wao. Tumelitaja hili kwa makusudi, kwa sababu linahusiana na jinsi maradhi haya yanavyotambuliwa mpaka leo. Miongo kadhaa baadaye tabibu Mfaransa Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ndiye aliyeyaita kwa jina la Parkinson, naye alilikataa neno kupooza kwa kuwa wagonjwa hawa nguvu zao hazijaondoka. Ndiyo ile ila ya jina la Kiarabu tuliyoitaja. Mgonjwa wa Parkinson hakupooza. Amri inatoka, ila inachelewa njiani.

Inachelewa kwa sababu gani? Ndani kabisa ya shina la ubongo pana sehemu ndogo yenye rangi nyeusi, na seli zake hutengeneza kitu kiitwacho dopamini. Dopamini ni mjumbe baina ya seli na seli. Bila yake ubongo hauwezi kuzianzisha na kuzipanga harakati zetu kwa wepesi. Katika maradhi haya seli hizo zinakufa moja baada ya moja, kimya kimya, na mpaka siku ambayo mkono unaanza kutetemeka, zaidi ya nusu yake huwa zimekwisha kutoweka. Mgonjwa anayesema ameanza kuumwa mwaka huu, kwa hakika maradhi yalianza zamani.

Kwa nini seli hizo zife, wataalamu hawajapata jawabu moja. Umri ni sababu kubwa, kwani wengi huanza baada ya miaka 60, ingawa wapo wanaopatwa chini ya miaka 50. Baadhi ya sumu za mashambani, mojawapo ikiwa dawa ya magugu iitwayo paraquat, zimehusishwa nayo, nasi tunawanasihi ndugu zetu wakulima wasinyunyize dawa hizo mikono mitupu na pua wazi. Urithi nao una sehemu yake. Mwaka 2023 watafiti waliowachunguza wagonjwa wa Nigeria na watu wengine wenye asili ya Afrika walitangaza kuwa wameona badiliko katika jeni iitwayo GBA1 linaloongeza uwezekano wa kupatwa. Tunasema jeni, ndugu zetu, si jini. Herufi moja tu imezitenganisha, na masafa baina yake ni makubwa.

Maradhi haya hayaambukizi. Hayapiti kwa mate, wala kwa kikombe, wala kwa kusimama bega kwa bega katika sala.

"Hospitali hawakuona kitu"

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tukubali kusimama hapa usiku huu.

Mzee mmoja tunayemjua alianza kutetemeka mkono wa kulia. Wanawe, Allah awalipe kheri kwa wema wao, walichanga fedha wakampeleka kupimwa. Akatolewa damu, ikawa salama. Akapigwa picha ya ubongo kwa mashine, kwa gharama isiyokuwa ndogo, na majibu yakasema hakuna uvimbe wala damu iliyovuja. Basi wakarudi nyumbani na kauli tunayoisikia kila siku: hospitali hawakuona kitu, kwa hiyo haya si ya hospitali, huu ni mkono wa mtu. Kuanzia hapo ikawa ni miaka mitatu ya waganga. Akavukizwa, akachanjwa, akafungwa hirizi. Kisha wakaja wengine wanaojiita wasomaji wa ruqya, na mmoja wao akampiga kwa fimbo mzee wa miaka sabini ili jini litoke. Mtetemeko uliongezeka, jambo ambalo si ajabu, kwani mtetemeko huu huongezeka kwa khofu na fadhaa. Lakini wao wakalifanya hilo kuwa dalili kwamba jini limekasirika.

Kosa la hoja hii liko mwanzoni mwake. Hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachoonyesha Parkinson. Picha ya ubongo, iwe ya CT-Scan au ya MRI ya kawaida, kwa mgonjwa wa Parkinson mara nyingi hutoka safi, kwa sababu seli zinazokufa ni chache na zimo ndani mno. Daktari huagiza picha ili kuondoa shaka ya maradhi mengine, kama vile kiharusi, uvimbe au maji kujaa kichwani. Picha ikiwa safi, maana yake ni kuwa hayo mengine hayapo. Haina maana kuwa mgonjwa ni mzima, sembuse kuwa amerogwa.

Basi yanatambuliwa vipi? Yanatambuliwa kwa jicho na mkono wa daktari, kama alivyofanya yule wa mwaka 1817. Daktari mjuzi atamwambia mgonjwa agonganishe kidole gumba na cha shahada upesi upesi, naye ataangalia kama mwendo unazidi kupungua na kuwa mdogo. Atamwambia afumbe na kufumbua ngumi. Ataukunja na kuukunjua mkono wake apime ukakamavu. Atamtaka aandike sentensi, atembee, ageuke. Atasimama nyuma yake na kumvuta mabega ghafla aone kama anaweza kujizuia asianguke. Lazima uwepo upole wa harakati, pamoja na mtetemeko wa mapumziko au ukakamavu, na mara nyingi dalili huwa zimezidi upande mmoja. Kisha mara nyingi hutoa dawa na kutazama: mgonjwa akipata nafuu ya wazi, hiyo nayo ni sehemu ya ushahidi. Nchi tajiri zina picha maalumu zinazoonyesha dopamini yenyewe, lakini hata huko madaktari wengi wanaanzia kwa macho.

Jicho hilo lina kazi nyingine muhimu, nayo ni kubainisha. Si kila anayetetemeka ana Parkinson. Wapo wengi ambao mkono wao umetulia wakiwa wamekaa, ila hutetemeka wanaposhika kikombe cha chai kukipeleka mdomoni. Hayo ni maradhi mengine, mara nyingi ya ukoo, na dawa yake ni nyingine. Tezi ya shingo ikizidi kufanya kazi nayo hutetemesha mikono. Na liko kundi la tatu ambalo ndugu zetu wanapaswa kulisikiliza kwa makini: dawa zenyewe huweza kuleta hali inayofanana kabisa na Parkinson. Haloperidol na chlorpromazine wanazopewa wagonjwa wa akili, metoclopramide ya kuzuia kutapika, cinnarizine inayonunuliwa dukani kwa ajili ya kizunguzungu, zote hizi zikitumiwa kwa muda humfanya mtu akakamae na atetemeke, na mara nyingi hali hiyo huondoka, ingawa kwa kuchelewa, dawa zikiachwa kwa ushauri wa daktari. Kwa hiyo anayempeleka mzee hospitali achukue mfuko wa dawa zote anazotumia, na zile za dukani, na zile za miti shamba, akaziweke mbele ya daktari.

Yule mzee wetu leo anakunywa dawa, na anatembea kuja msikitini. Miaka ile mitatu hakuna wa kumrudishia.

Wala tusidhani kuwa habari yake ni ya pekee. Watafiti waliofanya hesabu ya nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, miongo miwili iliyopita, waliwakuta wagonjwa 33 katika watu 161,071. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote wanaumwa nini. Na duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kuwa wenye maradhi haya wanapindukia milioni 8 na nusu.

Msimamo wetu juu ya ruqya uko wazi na tunaueleza wazi. Kumsomea mgonjwa Qur'ani na dua zilizothibiti ni jambo la kheri, na asomewe mwenye Parkinson kama anavyosomewa mwenye malaria. Lakini sheria haijamruhusu mtu kumpiga mgonjwa, wala kumtoza mali yake, wala kumwambia atupe dawa, wala kudai elimu ya ghaibu kwa kusema huyu ana jini la namna fulani. Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza umma wake kutafuta matibabu. Mwenye kuwazuia watu na hospitali kwa jina la tawhidi ameizulia tawhidi.

Dawa ipo

Tiba ya kuyaondoa kabisa maradhi haya, au ya kuzuia seli zisife, haijapatikana. Hili tuliseme kwa uwazi, maana wauzaji wa chupa za maajabu ni wengi. Lakini ipo dawa inayorudisha kile kilichopungua, nayo ina zaidi ya nusu karne.

Habari yake ni ya kupendeza. Mwaka 1957 mtaalamu wa Sweden, Arvid Carlsson, aliwapa sungura dawa iliyowamaliza dopamini, wakalala bila kuweza kujongea. Kisha akawapa levodopa, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini, nao wakaamka. Kwa kazi yake juu ya dopamini alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwaka 1960, mjini Vienna, Oleh Hornykiewicz alionyesha kuwa bongo za waliokufa na Parkinson zina upungufu mkubwa wa dopamini, na mwaka uliofuata yeye na Walther Birkmayer waliwadunga wagonjwa levodopa. Watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitini wakasimama na kutembea. Mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, akaonyesha namna ya kuimeza kwa vipimo vya kupanda pole pole. Hadi leo hakuna dawa iliyoipita kwa nguvu.

Levodopa ilikuwa imekwisha kutolewa ndani ya kunde za ful, zile wanazofungua nazo kinywa ndugu zetu wa Misri, tangu mwaka 1913. Nayo imo kwa wingi katika mbegu za upupu, mmea huu huu unaotuwasha maporini, ambao Wahindi wameutumia katika tiba zao tangu zamani. Tunajua kuna atakayetoka hapa akatafute upupu. Asifanye hivyo kwa kukisia: mbegu moja haina kipimo sawa na nyingine, na levodopa ikizidi huleta kichefuchefu, presha kushuka na kuona visivyokuwepo.

Ya hospitali huwa imechanganywa na kitu cha pili, kama vile kabidopa, ambacho huizuia isimalizike tumboni na katika damu kabla ya kufika kichwani. Mchanganyiko huo umo katika orodha ya dawa za msingi ya Shirika la Afya Duniani, ingawa katika maduka ya wilaya nyingi hauonekani na bei yake ni mzigo kwa fukara. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu nao ni wachache, nao wapo zaidi katika hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi. Lakini daktari wa wilaya akishaelekezwa na bingwa anaweza kuendelea na mgonjwa.

Mambo manne matano ya dawa hii watu wa nyumbani wayahifadhi. Saa ni kila kitu. Kidonge cha saa mbili kikimezwa saa nne, mgonjwa amepoteza saa mbili za kutembea. Kimezwe nusu saa kabla ya chakula au saa moja baadaye, kwa kuwa nyama, samaki, maziwa na maharage hushindana nacho katika kuingia mwilini. Hilo la chakula linawasumbua zaidi wale waliokaa na maradhi muda mrefu. Dawa isikatwe ghafla, hata siku mgonjwa amelazwa kwa jambo jingine, kwani kuikata ghafla huweza kuleta homa kali na ukakamavu wa kuhatarisha maisha. Baada ya miaka, athari ya kila kidonge hufupika, na mwili huweza kuanza kujinyonganyonga wenyewe dawa inapokuwa juu. Hapo daktari hugawa vipimo upya. Wengine kwa kuiogopa hali hiyo huichelewesha dawa kwa makusudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha wagonjwa wa Ghana, waliochelewa kuanza kwa kukosa dawa, na wa Italia waliowahi. Kule kujinyonganyonga kuliwajia wote baada ya takriban umri ule ule wa maradhi. Aliyesubiri hakufaidi kitu.

Zipo na dawa nyingine. Pramipexole na ropinirole huiga kazi ya dopamini, na zina madhara ambayo lazima yasemwe msikitini kwa sababu yanagusa heshima ya mtu: baadhi ya wanaozitumia hupatwa na msukumo wasioweza kuuzuia wa kucheza kamari, wa kununua ovyo, au wa matamanio. Mzee aliyeishi na uchamungu miaka yote akianza mambo haya baada ya kupewa dawa mpya, wanawe wasikimbilie kumhukumu. Wakimbilie kwa daktari. Na ile ya zamani, trihexyphenidyl, iitwayo pia Artane, hupunguza mtetemeko kwa vijana lakini kwa wazee huvuruga akili na kumbukumbu.

Kadhalika maradhi yakiendelea, au dawa zikizidi, mgonjwa huweza kuona watoto wamekaa chumbani au paka anapita na hakuna kitu. Hapa ndipo neno jini hurudi mara ya pili. Nalo ni hatari zaidi safari hii, kwa kuwa akipelekwa mahali akadungwa haloperidol ili atulie, dawa hiyo humkakamaza kabisa. Kila anayemhudumia aambiwe mapema: huyu ana Parkinson.

Upasuaji wa kuweka waya mwembamba ubongoni wenye kupeleka umeme mdogo, ulioanzishwa na Alim-Louis Benabid wa Grenoble mwaka 1987, unawasaidia baadhi ya wagonjwa, lakini gharama yake iko mbali na sisi. Kilicho karibu nasi ni mazoezi. Kutembea kila siku, kunyoosha viungo, kusoma Qur'ani kwa sauti ya juu ili koo lisilale. Haya hayana bei na manufaa yake yamethibiti.

Wengi mnamkumbuka Muhammad Ali, bondia Mwislamu aliyefika hapa Tanzania mwaka 1980. Aliambiwa ana maradhi ya namna hii mwaka 1984, akiwa na miaka 42, na kuna mjadala juu ya ngumi alizopigwa kichwani. Mwaka 1996 aliuwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta mbele ya macho ya ulimwengu, mkono ukitetemeka, wala hakuuficha. Alifariki mwaka 2016. Ni miaka 32 baina ya habari ile na mauti.

Katika msikiti na katika Ramadhani

Mgonjwa huyu hupatwa na jambo la kuganda. Anatembea vizuri, akifika mlangoni miguu inagoma kana kwamba imeshikwa na gundi. Milango ndiyo mahali pake hasa, na mlango wa msikiti baada ya Ijumaa ndio mbaya kuliko yote, kwa msongamano na haraka ya watu. Msimsukume wala msimvute mkono, ataanguka. Simameni, mpeni nafasi, mwambieni ahesabu moja, mbili, tatu, au awekewe alama sakafuni aivuke. Wengi miguu yao hufunguka wakiona mstari wa kuuvuka, na mistari ya safu zetu yaweza kumfaa.

Presha yake huweza kushuka anapoinuka. Basi asali kwenye kiti pasi na haya, na imamu asiwahi kuinuka hata akamwacha njiani. Udhu wake asaidiwe. Ama kukusanya sala mbili kwa ajili ya maradhi, kundi la wanazuoni limeruhusu, na wamo miongoni mwao wa madhehebu ya Shafii, japo kauli mashuhuri ya madhehebu ni nyingine. Mwenye dhiki ya kweli amuulize mwanachuoni anayemwamini.

Ramadhani ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Mwenye kumeza vidonge mara tatu, nne au tano kwa siku hawezi kuvisogeza vyote kati ya Magharibi na Alfajiri bila ya kuukakamaza mwili wake mchana kutwa. Amwone daktari tangu Shaabani. Aliye mwanzoni mwa maradhi huenda akapangiwa dawa ya kudumu muda mrefu na akaweza kufunga. Aliyeambiwa kuwa kufunga kutamdhuru, asifunge; na kwa kuwa maradhi yake si ya kutarajiwa kupona, atamlisha maskini mmoja kwa kila siku, kama walivyoeleza mafakihi. Na akiwa yeye mwenyewe ni maskini asiyeweza hata kununua dawa, basi jina lake lifike kwa kamati ya zaka ya msikiti huu kabla ya mwezi kuandama.

Wallahu a'alam.